Askari "asiyejulikana" iko na mama



Kila Leta inapenda askari asiyejulikana. Inamujengea kaburi nzuri, inamupa medali, inapiga mizinga. Huyu hana mama wa kuja kuuliza maswali ku biro, hana mjane wa kudai solde. Leo tunawaelezea namna familia moja ya Marekani ilimutoa mtoto wao ndani ya kaburi la namna hiyo, juu ile habari inatuhusu kuliko watu wanavyofikiri.

Michael Blassie alikuwa luteni, rubani wa ndege ya vita A-37, miaka 24. Tarehe 11 Mei 1972 ndege yake ilipigwa karibu na An Loc, Vietnam Kusini. Familia yake kule St. Louis ikaambiwa: amekufa, mwili haukupatikana. Kumbe mwezi wa 10 doria ya askari wa Vietnam Kusini ilifika pale ndege ilipoanguka, ikaleta mifupa sita, vitu vya rubani na kitambulisho chake. Kitambulisho kikapotea njiani. Mifupa ikabaki, pamoja na karatasi iliyosema inaaminika ni ya Blassie. Mwaka wa 1980 wakubwa wa biro wakafuta hilo jina, wakaandika X-26, eti vipimo vya urefu na vya damu havipatani naye. Familia haikuambiwa kitu.

Sasa angalia siasa. Kwenye makaburi ya Arlington, karibu na Washington, kulikuwa shimo tupu linalongoja "asiyejulikana" wa vita ya Vietnam, sawa sheria ya 1973 ilivyoomba. Miaka inapita, shimo linangoja. Tarehe 28 Mei 1984 wakalijaza na X-26, na Rais Reagan mwenyewe akasimamia mazishi. Fikiri kidogo: mtoto wako anazikwa na rais wa inchi, televisheni zote zinaonyesha, na wewe mama yake hujui kama ni yeye!

Mwaka wa 1994 askari mmoja wa zamani aliyekuwa anachimba ndani ya zile karatasi akaandika kwamba yule wa Arlington ni Blassie. Mwaka wa 1998 televisheni CBS ikatoa habari yote. Dada yake Patricia, naye afisa wa jeshi la anga, akasimama mbele ya watu akasema: fungueni kaburi. Kuna waliomujibu kama kaburi ni takatifu, lisiguswe. Familia haikurudi nyuma. Tarehe 14 Mei 1998 likafunguliwa, ADN ya mama na ya dada ikapimwa, na tarehe 30 Juni jibu likatoka: ni yeye. Mwezi wa 7 akazikwa kwao St. Louis, chini ya jina lake. Lile shimo la Arlington mpaka leo ni tupu.

Najua mtasema: Marekani iko na pesa, iko na maabara. Sawa. Lakini maabara haikufungua lile kaburi, ni watu wa kwao walilifunguza. Na kabla yao kulikuwa wengine. Sybil Stockdale, mke wa rubani aliyeshikwa Vietnam Kaskazini tangu 1965, aliambiwa na serikali yake anyamaze, asiharibu mambo. Alinyamaza miaka. Mwaka wa 1968 akachoka, akaenda kuongea na gazeti la San Diego, na mwaka wa 1970 yeye na wenzake wakaunda shirika la familia. Ile bendera nyeusi ya waliopotea, unayoiona kwa filamu, haikutoka ku wizara: iliombwa na mke wa rubani aliyepotea Laos. (Wavietnamu wenyewe wana laki kadhaa za watu ambao bado wanawatafuta. Filamu hazisemi hiyo.)

Hata hapa kwetu watu walikuja kutafuta watu wao. Novemba 1961, Kindu, Waitaliano 13 wa jeshi la anga waliofika na ndege mbili kwa kazi ya ONU waliuawa na askari wa Kongo waliowachukua kama mamluki wa Katanga. Walizikwa kwa siri Tokolote. Mwaka uliofuata miili ikapatikana, ikarudishwa Italia, na pale Pisa, mji walikotokea, kuna nyumba ya ukumbusho wao.

Basi ardhi ya Maniema ilichimbwa kwa ajili ya 13, na ilikuwa haki yao. Na wa kwetu?

Kwa avenue yetu kuna mama mmoja, mume wake ni FARDC. Simu ya mume haiingii tangu mwaka jana. Biro ya kwanza ilimutuma kwa ya pili. Ya pili ikamuomba hati ya kifo. Nani atamupa hati ya kifo na hakuna mkubwa anayekubali kusema amekufa? Solde imekatwa, watoto wamerudishwa nyumbani kutoka masomo. Ku redio wanasema "mashujaa wetu". Majina hawatoi!

Tunadai orodha ya waliopotea, jina kwa jina, ipewe familia kwa maandishi. Tunadai biro moja inayojulikana kwa kila mkoa, haki ya solde isikatwe mpaka ukweli ujulikane, na ADN ya wamama ianze kuchukuliwa sasa, kwa sababu wanazeeka na wanakufa. Bila ADN ya mama, Blassie angebaki X-26.

Mimi niko na diplome ya licence kwa kabati na muda mingi, kwa hiyo nitasaidia kuandika. Kama mtu wenu hayuko, andikeni jina lake lote, matricule, kikosi, na tarehe ya simu ya mwisho. Msiweke ku intaneti mahali askari wako. Ku biro peleka fotokopi tu, original ibaki nyumbani, na omba wakupigie muhuri wa kupokea.