Risala ya Walowezi Waprotestanti wa Ulster kwa Bunge la Uingereza

Dublin, mwishoni mwa Machi 1642

Waheshimiwa Wabunge,

Sisi wakulima, mafundi, wafanyabiashara na wajane wa Kiprotestanti tuliofukuzwa Ulster na kukimbilia Dublin, tunaleta mbele yenu malalamiko na madai yetu. Tulihamia Ulster kwa hati za Mfalme, katika mpango wa makazi ulioanza 1609. Tunajua ardhi tuliyogawiwa ilikuwa na wenyewe, na kwamba uchungu wa kuipoteza ni chanzo kimojawapo cha uasi huu wa Wakatoliki wa Ireland. Lakini hakuna uchungu unaohalalisha tuliyotendewa.

MALALAMIKO

1. Jioni ya 22 Oktoba 1641, Sir Phelim O'Neill, kiongozi wa waasi, aliingia katika ngome ya Charlemont kama mgeni, akaiteka. Muda mfupi baadaye alitangaza kwamba anayo hati ya Mfalme. Uongo huo uliwapa wanyang'anyi sura ya askari halali.

2. Tuliporwa ng'ombe, farasi, nafaka, vyombo vya nyumbani na zana za kazi. Hati za madeni zilichukuliwa au kuchomwa, na baadhi ya waporaji ndio hao hao tuliokuwa tukiwadai. Kisha tukavuliwa nguo. Wazee, wanawake na watoto walifukuzwa uchi barabarani wakati baridi imekwisha kuingia. Wengi walikufa njiani. Wengine walifika Dublin wakafa kwa homa.

3. Mwezi wa Novemba, huko Portadown, watu wapatao 100 walioambiwa kwamba wanasindikizwa kwenda kupanda meli walisukumwa kutoka darajani, wakatumbukia katika Mto Bann. Waliojaribu kuogelea walipigwa risasi au makasia.

Haki inatutaka tuseme na haya. Wapo majirani Wakatoliki waliotuficha na kutulisha huku wakihatarisha maisha yao. Na mwezi wa Januari, huko Islandmagee, Wakatoliki wasio na hatia waliuawa na watu wa upande wetu. Hatukubali damu yao imwagwe kwa jina letu.

MADAI

1. Tume ya wachungaji 8 inayoongozwa na Henry Jones iliundwa 23 Desemba kuandika mali iliyoporwa, na Januari ikaongezewa kazi ya kuandika mauaji. Iendelee mpaka kila aliyenusurika asikilizwe. Ushahidi utolewe kwa kiapo, na aliyoyaona mtu kwa macho yake yatengwe na aliyosimuliwa, ili asitokee wa kutuita waongo.

2. Tangazo la Mfalme la 1 Januari linalowatamka waliotushambulia kuwa waasi lilichapwa nakala 40 tu. Lichapwe kwa wingi na lisomwe hadharani, ili asibaki wa kujificha nyuma ya jina la Mfalme.

3. Sheria ya mwezi huu inawaahidi wenye mitaji watakaokopesha fedha za kuzima uasi ekari 2,500,000 za ardhi itakayotwaliwa kwa waasi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, nasi hatupo London wakati ardhi inagawanywa. Fidia ya walioporwa itangulie faida ya wakopeshaji, na wajane na yatima wawe wa kwanza kulipwa.

4. Jeshi lipelekwe Ulster upesi kuwaokoa wenzetu ambao bado wameshikiliwa, na kuwalinda watakaorudi mashambani.

5. Kila mtuhumiwa ashtakiwe mahakamani kwa alilolitenda yeye mwenyewe. Waliotuhifadhi walindwe, wala mali zao zisiguswe kwa sababu tu ni Wakatoliki. Askari atakayeua wasio na hatia ahukumiwe kwa sheria ile ile itakayowahukumu waasi.

Tunadai majibu ya maandishi kwa kila dai, pamoja na jina la afisa atakayelisimamia. Tukirudishiwa mashamba bila sheria ya kutulinda sisi na majirani zetu, tutakuwa tumerudishwa kungoja uasi mwingine.

Ni sisi, walowezi Waprotestanti wa Ulster tulioko Dublin.