BINTI WA KOPLO NA YAYA WAKE

Kabuga ni mji mdogo ulio katika Sekta ya Rusororo, Wilaya ya Gasabo, kando ya barabara kuu itokayo Kigali kwenda Rwamagana na Kayonza. Shule zinapofunguliwa, mabasi hupita hapo yakiwa yamejaa wanafunzi wa bweni pamoja na masanduku na magodoro yao. Asubuhi hiyo hiyo, kando ya barabara hiyo hiyo, huonekana wasichana wa umri wao wakiwa na madumu ya maji kichwani au watoto wa watu wengine mgongoni. Hao hawaendi popote. Leo tungependa kuzungumza na askari wetu wa jeshi na wa polisi juu ya wasichana hao, kwa sababu baadhi yao wamo majumbani mwetu.

Jambo hili lina asili yake. Hapo kale, mvulana, hasa mtoto wa mkubwa, alipelekwa itorero, akajifunza kutumia silaha, kucheza ngoma, kusema mbele ya watu na kumtumikia mfalme. Msichana alikwenda urubohero, mahali wasichana walipokutana kusuka mikeka na kufundishwa mambo ya unyumba. Wabelgiji walipokuja na shule zao hawakuubadili mpango huo. Shule kubwa ya Astrida, mji ambao leo ni Huye, iliyoanzishwa mwaka 1929, ilikuwa ya wavulana, na waliotangulizwa ni watoto wa machifu. Msichana aliyebahatika kuiona shule alifundishwa zaidi kushona, kupika na kulea. Basi tangu hapo mambo mawili yamekwenda pamoja: kuzaliwa mke, na kuzaliwa katika nyumba isiyo na kitu. Aliyekuwa na yote mawili alibaki nyuma ya wote.

Hatuwezi kusema kwamba hakuna lililofanyika. Sheria ya mwaka 1999 ilimpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Mwaka 2003 ada ya shule za msingi iliondolewa, na Katiba ya mwaka huo huo ikaamuru kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Elimu ya msingi ya miaka tisa ilianza mwaka 2009, ikapanuliwa kuwa ya miaka kumi na miwili mwaka 2012. Katika uchaguzi wa mwaka 2008 wanawake walipata viti 45 kati ya 80 vya Baraza la Wabunge, jambo ambalo halikuwa limepata kutokea katika nchi yoyote duniani. Katika wilaya hiyo hiyo ya Gasabo, huko Gisozi, shule ya wasichana ya FAWE ilifunguliwa mwaka 1999 ili binti naye ajifunze sayansi. Wanawake wa Polisi yetu wamelinda amani hata Sudan Kusini.

Hata hivyo, sheria haiingii jikoni. Kinachoamua mambo ya jikoni ni desturi na mfuko wa baba.

Tutoe mfano ambao kila askari wa cheo cha chini ataufahamu. Koplo ana mtoto wa kiume na wa kike, wote wamefaulu kwenda sekondari. Kwa viwango vilivyotangazwa na Serikali mwaka 2022, mchango wa mzazi ni faranga 85,000 kwa muhula katika shule ya bweni, na faranga 19,500 katika shule ya kutwa. Kwa mihula mitatu, bweni ni faranga 255,000 na kutwa ni faranga 58,500. Mshahara hautoshi kulipa bweni mara mbili. Ni nani atakayepelekwa bweni? Katika nyumba nyingi swali hilo haliulizwi hata mara moja: mvulana ataondoka na godoro lake, na msichana atabaki, kwani "anamsaidia mama".

Mabibi na mabwana askari, hapo ndipo hasara inapoanza. Binti wa shule ya kutwa huamka kabla ya jua, huchota maji, hufagia, ndipo aende darasani. Arudipo jioni hupika, huosha vyombo na kuwaogesha wadogo zake. Vitabu huvifungua wakati macho yamekwisha kuchoka. Mtihani ukimshinda, baba husema mtoto huyu hana akili, alhali hakumpa hata saa moja ya kusoma. Baba akihamishwa kikosi au akipelekwa ng'ambo kulinda amani, mzigo wa mama huongezeka, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo huwekwa juu ya binti.

Lakini katika nyumba ya ofisa, ambayo uwezo wake ni mkubwa, binti hasumbuliwi na maji wala vyombo. Huyo husoma vizuri, na sisi humpongeza. Je, ni nani aliyeosha vyombo? Ni yaya kutoka kijijini, pengine mwenye miaka kumi na mitatu au kumi na minne, aliyeacha shule kwa sababu kwao hakukuwa na daftari wala sare. Ada imeondolewa, lakini umaskini haukuondolewa pamoja nayo. Binti mmoja anainuka kwa mgongo wa binti mwingine, na wote wawili wanalala chini ya paa la mlinzi wa sheria. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inataka mfanyakazi awe ametimiza miaka 16. Askari anayemwajiri mtoto chini ya umri huo hana uso wa kumkamata raia aliyefanya vivyo hivyo.

Kuna jambo la tatu, na hili tutalisema bila kuzunguka. Kumwingilia mtoto aliye chini ya miaka 18 ni jinai. Polisi wetu walianzisha kituo cha Isange huko Kacyiru mwaka 2009 ili aliyedhulumiwa apate daktari, mshauri na mpelelezi mahali pamoja. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini mwenye fedha akimharibu binti wa maskini, bado hutokea watu wa kuzishawishi familha mbili zipatane kwa fedha au kwa ng'ombe, na binti ndiye anayeacha shule. Polisi anayefumbia macho mapatano ya namna hiyo ameiuza kesi ya mtu asiye na wa kumsemea. Na askari yeyote, awe na sare au hana, amtazame mwanafunzi kama mwanawe.

Wako watakaosema kwamba kazi ya askari ni mipaka na usalama, wala si mambo ya vyungu na madaftari. Sisi hatukubaliani nao. Askari hula kiapo cha kuwalinda wananchi, na msichana wa Kabuga aliye na dumu kichwani ni mwananchi.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache yanayowezekana. Kwanza, bweni liamuliwe kwa juhudi za mtoto, na si kwa kuwa ni mume au mke. Pili, mvulana naye ashike ndoo na ufagio. Aliyejifunza kufagia bweni la jeshi hawezi kusema kazi hiyo inamvunjia heshima. Tatu, mwenye yaya aliye mtoto amrudishe kwao na kumsaidia daftari na sare, na asimfukuze tu. Nne, makamanda wayaseme haya katika gwaride kama wanavyosema juu ya usafi wa bunduki.

Muhula ujao mabasi yatapita tena Kabuga. Kila askari mwenye watoto na ajiulize mapema ni nani katika nyumba yake atakayekuwa ndani ya basi, na ni nani atakayebaki kando ya barabara.