Ndugu wa tumbo moja, haki mbili

Kaka alizaliwa Bombo, Tanga. Dada yake alizaliwa Muscat, baba yao alipokuwa na mkataba wa kazi huko, akarudishwa nyumbani akiwa wa miezi minane. Wamelelewa nyumba moja, wamesoma shule moja, wote wamepita JKT. Leo wote wanafanya kazi Lusaka. Kaka ameoa Mzambia, dada ameolewa na Mzambia, na kila mmoja amepata huko mtoto wake wa kwanza. Mtoto wa kaka ni Mtanzania tangu siku aliyozaliwa. Wa dada si Mtanzania.

Familia hii tumeitunga ili jambo lieleweke. Matokeo hayo yanatoka moja kwa moja katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Mtoto anayezaliwa nje ya nchi anakuwa raia kwa kurithi iwapo baba au mama yake ni raia, ila mzazi huyo naye asiwe ameupata uraia wake kwa kurithi. Kizazi kimoja tu, kisha mlango unafungwa.

Sheria hiyo ina la kusifiwa. Ilimtambua mama sawa na baba miaka 15 kabla ya Kenya, ambako mama aliyejifungulia ng'ambo hakuweza kumrithisha mtoto uraia mpaka Katiba ya 2010. Lakini mama aliyezaliwa Muscat imemwacha nje, naye hakuchagua azaliwe wapi.

Tutaambiwa kwamba anaweza kumwombea mtoto wake uraia wa tajnisi. Ni kweli, Waziri ana mamlaka ya kumpa uraia mtoto mdogo wa raia yeyote, mzazi akiomba. Tatizo ni neno hilo, kuomba. Kwa mujibu wa sheria hiyohiyo, Waziri halazimiki kutoa sababu akikataa. Mtoto wa kaka ana haki. Binamu yake anasubiri hisani. Na bibi yao aliyeko Tanga akimtaka mjukuu aje kukaa naye, huyo wa binti yake ataingia kama mgeni, na siku zake zitahesabiwa.

Zito zaidi ni la wenzi. Mwanamume wa Kitanzania akioa mgeni, kifungu cha 11 kinampa mke huyo haki ya kupewa uraia, kwa maombi, wakati wowote mumewe akiwa hai. Kifungu hicho hakimtaji mume mgeni. Mtanzania mwanamke akiolewa na mgeni, mumewe anapanga foleni ya tajnisi pamoja na wageni wengine wote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia awe amekaa jumla ya isiyopungua miaka saba. Akishatimiza hayo yote, uamuzi bado ni wa Waziri. Katikati ya hapo ni vibali vya ukaazi, ada, na wasiwasi kila kibali kinapokaribia kuisha. Wapo wanawake waliokata shauri kuhamia kwa waume zao kwa sababu hiyo tu, wakaondoka na taaluma zao. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza ubaguzi, na jinsia imetajwa humo waziwazi. Hatuoni kifungu cha 11 kinavyoweza kusimama mbele yake.

Hoja ya upande wa pili tunaijua, na haidharauliki: ndoa za kununua karatasi zipo, na hakuna anayetaka pasipoti yetu igawiwe kwa watu wasioijua hata njia ya kufika Chalinze. Dawa yake ni kuweka masharti yanayopimika, yamhusu mke na mume sawasawa. Kenya inamwandikisha mwenzi wa raia, awe mke au mume, baada ya miaka saba ya ndoa. Tunaweza kuchukua hiyo miaka saba au tukapunguza. Muhimu ihesabiwe kwa wote.

Kwa watoto, tuitazame Canada. Mwaka 2009 iliweka ukomo kama wetu wa kizazi kimoja. Desemba 2023 mahakama ya Ontario ikasema ukomo huo unavunja katiba, na tangu Desemba 2025 sheria mpya inamruhusu raia aliyezaliwa nje kumrithisha mtoto wake uraia, mradi yeye mwenyewe awe ameishi Canada angalau siku 1,095 kabla mtoto hajazaliwa. Siku hizo ni miaka mitatu. Dada yetu wa Tanga ameishi hapa zaidi ya 20.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji kusubiri mjadala wa uraia pacha, ambao umeshameza miaka mingi na kuishia kwenye Hadhi Maalum kwa wenye asili ya Tanzania walioko ughaibuni. Ni vifungu viwili vya sheria moja. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ilete muswada: katika kifungu cha 11 neno "mwanamke" libadilishwe kuwa "mtu", na katika kifungu cha 6 kiongezwe kipimo cha makazi ya mzazi. Na marekebisho hayo yawafikie watoto waliokwisha kuzaliwa, si wajao peke yao.