Barua ya wazi kwa Msajili wa Baraza la Famasi: vidonge vinne vya jino

Ndugu Msajili,

YAH: AMOKSILINI INAYOUZWA KWA MAUMIVU YA JINO

Mimi ni tabibu wa meno katika hospitali ya wilaya. Jumatatu iliyopita nilimpokea mama mmoja, shavu limevimba hadi jicho limefumba. Nilipomuuliza ametumia dawa gani, alifungua pindo la khanga akatoa kipande cha gazeti. Ndani mlikuwa na vidonge viwili vya rangi mbili, amoksilini. Alinunua sita dukani, akameza vinne, maumivu yakatulia, viwili akaviweka akiba "siku yakirudi". Yalirudi. Nilimchoma ganzi, nikang'oa jino, na usaha ukamwagika. Kilichomsaidia ni koleo.

Jino lililooza hadi kiini kikafa halipitishi damu, kwa hiyo dawa ya kumeza haifiki ndani yake. Mwongozo wa antibiotiki wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaeleza kwamba maumivu mengi ya meno hayahitaji antibiotiki kabisa.

Lakini kinachoninyima usingizi ni vile vidonge vinne alivyokwisha meza. Kinywani mwa binadamu zimetambuliwa aina zaidi ya 700 za bakteria. Ule utando unaoukwangua kwa ukucha asubuhi ndio makazi yao, wamebanana humo kama nyumba za uswahilini, ukuta kwa ukuta. Antibiotiki ikipita, walio dhaifu hufa na walio sugu hubaki. Tena usugu huo hawaurithishi wazao wao tu, huwafikia hata majirani wa jamii nyingine. Yupo mmoja aitwaye Streptococcus mitis, mkazi wa kinywa asiye na ubaya kwa watu wengi. Vinasaba vyake vikibadilika, penisilini haimshiki tena. Akifa na kupasuka, vipande vya vinasaba hivyo hubaki vimezagaa. Jirani yake wa kooni, bakteria wa nimonia, ana uwezo wa kuvifyonza na kuviunga kwenye vyake, na wakati mwingine humpasua mwenzake ili avipate. Uwezo huo mtaalamu wa bakteria Frederick Griffith aliuona London mwaka 1928: aliwadunga panya bakteria wa nimonia hai wasiodhuru pamoja na wakali waliokwisha kuuawa kwa joto, na panya wakafa, kwa kuwa walio hai walichukua ukali wa wafu. Baadaye wataalamu walipochunguza bakteria wa nimonia walioshinda penisilini, walikuta viraka vya vinasaba vya mitis ndani yao.

Amoksilini, Ndugu Msajili, ni ya ukoo wa penisilini, na ndiyo dawa ya kwanza anayopewa mtoto mwenye nimonia katika zahanati zetu. Mama yule analala kitanda kimoja na mjukuu wake.

Wauza dawa siwalaumu. Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu famasi zilikuwa mbali na wanavijiji, na mpaka leo ndiyo yanayowaokoa wengi. Mtu analia mbele yako, ana noti ya elfu moja mkononi, utamrudishaje mikono mitupu? Basi wapeni wauzaji cha kumpa: maelekezo yaliyobandikwa kaunta kwamba jino ni parasetamoli au ibuprofeni, pamoja na karatasi ya rufaa yenye jina la kituo cha karibu chenye tabibu wa meno. Amoksilini ya kuhesabiwa vidonge vinne au sita kwa ajili ya jino ipigwe marufuku waziwazi. Na wakaguzi wenu wasiishie kutazama leseni ukutani. Wafungue daftari la dawa wasome: jino liliuziwa nini, na kiasi gani.

Vile vidonge viwili aliniachia. Vipo kwenye droo ya meza yangu, ndani ya gazeti lilelile. Mkitaka kuviona nitavileta mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Tabibu wa meno, hospitali ya wilaya