Karatasi ya ndoa isiwe kamba shingoni

Wasikilizaji wa Tchomia, nanyi ndugu mliokimbia vita, binti zetu wengine wameolewa Marekani. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku anapopewa ukaaji, mke hupata karte ya miaka 2 tu, yenye masharti. Katika siku 90 za mwisho, bwana na bibi huomba pamoja kwa fomu I-751 masharti yaondolewe. Hapo mume mkali hutisha: sitatia sahihi, utarudi Kongo.

Wazazi, tusimwambie binti avumilie ngumi. Mahari tuliyopokea isitufunge midomo. Sheria inamruhusu aliyepigwa, au aliyetalikiwa, aombe peke yake, akileta ushahidi kwamba aliolewa kwa nia njema. Atunze picha, risiti na barua, amwone mwanasheria mapema.