Dola ya kichwa kidogo nayo ni feza

Rubaya ao Bisie, mchimbaji analipwa dola mia ya zamani, ile ya kichwa kidogo. Akifika kwa kambisti inakataliwa, ao inakatwa bei. Juu ya nini? Serkali ya Marekani inasema wazi: kila noti yake iliyotoka tangu 1861 ingali na bei yake yote. Kichwa cha Franklin kilikuzwa 1996, na ukiinua noti kwenye mwangaza, sura yake inaonekana tena pembeni. Ile ya mstari wa bulu ilitoka 2013. Ya zamani haina hivyo vyote, lakini haiko ya uongo. Tunajua, Masisi na Walikale hakuna anayesikiliza Washington. Basi mnunuzi wa madini anayeikataa asubui, asilipe watu nayo mangaribi.