Mustang ni Jina la Nini?

Mwaka 2018 Ford ilitangaza kwamba itaachana na sedani huko Marekani na kubakiza Mustang. Mwaka uliofuata ikaonyesha Mustang Mach-E, gari refu la kwenda juu, la milango ya familia, la umeme mtupu. Wapenzi wa magari wakawaka: Mustang isiyonguruma ni Mustang gani?

Sisi wa isimu tusishangae. Hata neno gari, tulilolipata kutoka Kihindi, lilivutwa na ng'ombe kabla ya kupewa injini. Maana hupanuka, na kwangu Ford haikukosea jina. (Mwalimu wa semantiki atanidai mifano zaidi.)

Kinachoniuma ni betri. Betri za kwanza za Mach-E zilikuwa na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa kwetu Kongo. Mwaka 2023 Ford ilianza kutia katika baadhi ya Mach-E betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata chembe. Habari hiyo inamgusa mchimbaji wa Kolwezi kuliko ugomvi wowote wa jina. Nani katika kitivo chetu ameshamwandikia, kwa Kiswahili anachokisema yeye?